Dakika Zilizoandikwa Nyuma ya Kasha

Nikishika kasha la filamu, siangalii picha ya mbele, wala majina ya waigizaji, wala zile sifa zilizopangwa kwa herufi kubwa. Naligeuza nyuma nikatafuta idadi ya dakika. Wanaonifahamu hunicheka kwa hilo, na wana haki yao, maana kwa mtu mwingine dakika ni habari ya kujua atalala saa ngapi. Kwangu mimi ni jina la pili la filamu.

Kilichonifikisha hapo ni ubishi na shemeji yangu juu ya Kingdom of Heaven, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2005 inayohusu Yerusalemu ya zama za Vita vya Msalaba. Yeye aliiona haina kichwa wala miguu. Vita vizuri, alisema, farasi wazuri, ila yule binti wa kifalme, Sibylla, ni kama mtu aliyepotea njia akaingia kwenye picha: mara anapenda, mara amezikata nywele zake, mara amekaa tu anatazama mbele. Mimi ndiye niliyemhurumia kuliko wote mle ndani. Tukapandishiana sauti, kila mmoja akimwona mwenzake hana macho, mpaka nikamwambia: "Shemeji, mama aliyemmiminia mwanawe sumu sikioni kwa mkono wake mwenyewe, unataka acheke?"

Akanyamaza kidogo. "Mwana yupi?"

Yeye alikuwa ameona toleo la kumbi za sinema, dakika 144. Mimi nilikuwa na toleo la mwongozaji, lililotoka kwenye diski mwaka 2006, dakika zipatazo 190. Kwenye lile fupi mtoto wa Sibylla hayupo kabisa, hakutajwa, hakuonekana. Kwenye lile refu, mjomba wake, mfalme mwenye ukoma, anapofariki, mtoto huyo ndiye anayevikwa taji. Kisha kuna tukio dogo ambalo sijalisahau: mtoto yuko mezani na nyaraka za kifalme, nta ya moto ya kutilia muhuri inamdondokea mkononi, naye hashtuki. Anaendelea na kazi yake. Kamera inamgeukia mama, na hakuna anayesema neno, lakini mtazamaji na mama wanajua jambo moja kwa wakati mmoja: ukoma wa mjomba umemfikia mpwa. Yanayofuata ni mama anayeamua kwamba mwanawe hatavaa kinyago cha fedha kama mjomba wake alivyovaa. Ndipo nywele zinakatwa. Ndipo anakaa anatazama mbele.

Sasa angalia walichofanya walioifupisha. Nywele zilizokatwa wameziacha, macho yaliyokufa wameyaacha, ila sababu wameitupa. Mkasi umeondoa chanzo ukabakiza matokeo, halafu mtazamaji analaumu uigizaji wa Eva Green. Shemeji hakuwa kipofu. Kile alichokiona ndicho kilichokuwemo. Nilimwazima diski zangu, akazirudisha akisema Sibylla sasa anamwelewa, lakini shujaa wetu, Orlando Bloom, bado mkavu vilevile. Hapo sikuwa na la kumjibu. Dakika zote zile za ziada hazikumsaidia sana Bloom.

Tangu siku ile, mtu akiniambia filamu fulani ni mbovu, kabla sijafungua mdomo kuitetea namuuliza ameona ipi. Wengi hukasirika kidogo. Wanadhani ni ujuaji.

Msomaji asidhani nahubiri kwamba refu ndilo bora. Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, ya askari anayepanda mto katika vita vya Vietnam, ilitoka mwaka 1979, na mwaka 2001 ikaja Redux, imeongezewa dakika 49. Humo kuna mlo mrefu kwenye shamba la Wafaransa, watu wazima wamevaa vizuri wanagombana mezani juu ya ukoloni, huku mashua iliyokuwa ikitupeleka juu ya mto imefungwa gatini inasubiri. Maneno yenyewe si mabaya, mengine ni ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba filamu ile inaishi kwa mto. Kadiri unavyopanda ndivyo akili inavyowatoka watu, na ukishamshusha mtazamaji nchi kavu kwa muda mrefu hivyo, homa aliyokuwa nayo inashuka. Mwaka 2019 Coppola alitoa toleo la tatu, fupi kuliko Redux, refu kuliko la kwanza, na lile shamba akalibakiza. Mwenye mali kaamua. Mimi nikitaka kuiona narudi kwenye ya 1979, na kama kuna mgeni ambaye hajawahi kuiona, hata simwambii kwamba kuna nyingine.

Blade Runner nayo ni ya namna hiyo. Ile ya 1982 ina sauti ya Harrison Ford inayokueleza ulichokwisha kukiona, na mwisho uliobandikwa ili watu watoke ukumbini wametulia. Mwaka 1992 sauti ikaondolewa na mwisho ukakatwa. Mwaka 2007 ikaja iliyosafishwa, pamoja na seti yenye matoleo matano ndani yake. Anayelalamika kwamba Blade Runner inajieleza mno, najua ameona ipi bila kumuuliza.

Dakika nazo zina mtego wake. Kamera ya sinema hupiga picha 24 kwa sekunde, na DVD nyingi za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huzipitisha 25. Filamu inakimbia kwa asilimia nne hivi. Ya dakika 120 inaisha kwenye dakika ya 115, hakuna kilichokatwa, ila sauti za watu zimepanda kidogo na muziki umesogea karibu nusu toni. Wengi hawasikii. Mwenye sikio la muziki, anayeujua wimbo wa filamu kutoka kwingine, atahisi kuna kitu kimekaa upande na hatajua ni nini. Basi ukikuta pengo la dakika nne au tano kati ya makasha mawili ya filamu moja, usiite watu. Pengo la kumi na tano, hapo fungua macho.

Kuna kazi ambazo hata swali la "filamu au tamthilia" halina jibu moja, na hizi ndizo zilizonifundisha zaidi. Das Boot ya Wolfgang Petersen, juu ya nyambizi ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili, ilitoka kama filamu ya dakika 149 mwaka 1981. Mwaka 1997 ikarudi ikiwa na dakika 209. Na kutokana na picha zilezile kuna tamthilia ya televisheni inayokaribia saa tano. Nimezipitia zote tatu, na kama utaniruhusu kuchagua moja tu nitachukua tamthilia, kwa sababu moja ambayo itawashangaza wapenda vita: ndani yake kuna kusubiri kwingi. Hakuna meli ya kushambulia, hakuna adui, bahari imechafuka, watu wanapishana kwenye njia ambayo bega moja linatosha, mmoja anaamka ili mwingine alale kitandani hapohapo. Ndevu zinakua kweli, maana matukio yalipigwa kwa mfuatano wake ili ndevu na weupe wa ngozi uonekane wa kukosa jua. Halafu mabomu ya kina yanapoanza kulipuka, unawatazama watu ambao umeshachoka nao, umeshawajua nani anakoroma na nani ana picha ya mchumba. Filamu fupi inakupa milipuko ileile na hofu nzuri tu. Inakunyima uchovu, na uchovu ndio nusu ya habari yenyewe.

Jambo jingine la diski hiyo: ina sauti ya Kiingereza, na waigizaji wengi wa Kijerumani waliiingiza wenyewe kwa vinywa vyao. Ni nadra kupata tafsiri ya sauti iliyofanywa kwa heshima hiyo. Hata hivyo nachagua Kijerumani na maandishi ya chini. Mtu anayenong'ona kwa hofu ananong'ona kwa lugha yake.

(Ingmar Bergman alifanya hivyohivyo na Fanny and Alexander: dakika 188 za sinema, 312 za televisheni. Nasema tu ndefu, kisha napita.)

Kwenye tamthilia zenye misimu, swali la toleo linageuka kuwa swali la mpangilio. Firefly ndiyo mfano ninaoutoa kila mara. Zilitengenezwa sehemu 14, na mwaka 2002 zikarushwa 11 tu, tena zimechanganywa: sehemu ya kwanza, inayokutambulisha chombo cha angani na abiria wake, ilirushwa ya mwisho. Fikiria umeingia kwenye chumba cha watu tisa wanaojuana, wanataniana, wanakumbushana deni, na hakuna aliyekwambia jina la yeyote. Ukiondoka, nani atakulaumu? Watu waliondoka na tamthilia ikafutwa. Mwaka uliofuata ikatoka kwenye DVD kwa mpangilio uliokusudiwa, pamoja na zile tatu ambazo hazikuwahi kurushwa, na diski zikanunuliwa kiasi kwamba mwaka 2005 ilitengenezwa filamu ya sinema kuumalizia mkasa. Hakuna hata neno moja la mswada lililobadilishwa. Kilichobadilika ni ipi itangulie.

The Wire ni kisa kingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo tamthilia ninayoipenda kuliko zote. Sehemu 60, misimu mitano, kuanzia 2002 hadi 2008, juu ya jiji la Baltimore: polisi, wauza unga, bandari, siasa, shule, gazeti. Ilipigwa kwa umbo la televisheni za zamani, lile la mraba mraba, 4:3. Diski za DVD zinalibakiza. Mwaka 2014 ikafanyiwa ukarabati, ikawa safi zaidi na pana, 16:9, na Blu-ray iliyotoka mwaka uliofuata ndiyo hiyo. David Simon, aliyeiumba, alikubali kushiriki kazi hiyo na akasema hadharani kwamba kuna matukio yaliyofaidika na mengine yaliyopoteza. Nimezitazama zote mbili, na nakubaliana naye, ila mizani yangu inaelemea upande wa zamani. Mle ndani watu wamebanwa. Kijana wa pembeni ya mtaa anakaa kwenye kochi la rangi ya chungwa katikati ya ua, majengo yamemzunguka pande zote, na fremu nyembamba inamfungia hapo. Ukiipanua, ua unapata nafasi ya kupumua, na yule kijana hakupewa nafasi ya kupumua na mtu yeyote katika hadithi nzima. Picha safi nimeipenda, sikatai. Ila nikimwazima mtu, namwazima DVD.

Buffy the Vampire Slayer ilipopanuliwa kwa njia hiyo, pembeni mwa baadhi ya picha walionekana mafundi na vifaa vyao. Sitaongeza neno.

Kutazama tamthilia kwenye diski kuna hukumu yake ambayo televisheni ya wiki kwa wiki haikuwa nayo. Kazi iliyoandikwa isubiriwe siku saba, ukiitazama mfululizo, mishono yote inaonekana. Unasikia mhusika akimweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua na wewe umeliona robo saa iliyopita, kwa sababu mwandishi alikuwa akimkumbusha mtu aliyekuwa na wiki nzima ya shughuli zake. Unaona kwamba kila sehemu inaishia mtu mlangoni, mlango unafunguliwa, na sehemu inayofuata aliye mlangoni ni jirani. Mara moja ni raha. Kwa kufuatana unaanza kuona mkono wa fundi. Na ile misimu ya sehemu 22 au 24 haiwezi kujificha kabisa: katikati pale kuna nne au tano ambazo hazikuwa na kazi ila kujaza ratiba, mara nyingi moja ni ya kumbukumbu, wahusika wamekwama mahali wanakumbushana yaliyopita, tunarudishiwa vipande tulivyokwisha kuviona.

Je, ni haki kuihukumu kwa namna hiyo? Nadhani si haki sana. Kwa hiyo tamthilia za zamani nazitazama mbili kwa siku, tatu nikishindwa kujizuia, na kile kitufe cha "cheza zote" sikigusi. Zilizoandikwa bila kumkumbusha mtu, kama The Wire, zinastahimili zaidi. Yenyewe haikukumbushi kitu: jina linatajwa msimu wa kwanza kwa kupita, linarudi msimu wa tatu likiwa na uzito wake, na kama hukulishika ni shauri yako. Humo hata mimi nawasha maandishi ya wasiosikia, kwa sababu lugha ya mitaa ya Baltimore si ya kudandia.

Muziki ni pigo jingine, na hili linaumiza kwa kuwa mtazamaji mgeni hana njia ya kulijua. Haki za nyimbo kwenye tamthilia nyingi za zamani zilinunuliwa kwa ajili ya kurushwa hewani tu; wakati wa kuziweka kwenye diski, bei ikawa nyingine. Wenye mali wakabadilisha nyimbo. WKRP in Cincinnati ni vichekesho juu ya kituo cha redio, sasa wewe fikiria kituo cha redio kilichonyang'anywa nyimbo zake. Ndivyo msimu wa kwanza ulivyotoka mwaka 2007: mtangazaji anausifia wimbo kwa shauku yote, halafu inalia ala tupu isiyo na mwenyewe. Mwaka 2014 ikatoka seti nyingine iliyorudisha sehemu kubwa ya nyimbo, na mwaka huohuo The Wonder Years, iliyokuwa imezuiwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo, ikapata diski zake. Aliyeiona WKRP ya 2007 akasema haichekeshi, mimi simbishii.

Kuhusu ubora wa picha nina maoni ambayo hayapendwi na wenye vioo vikubwa. Usafi si wema wenyewe. Filamu iliyopigwa kwa mkanda ina chembechembe, na zile chembechembe ndiyo picha. Ukizifuta, unafuta na ngozi. Predator ya 1987 ilitolewa tena kwenye Blu-ray mwaka 2010 ikiwa imepigwa pasi hasa, na nyuso za wanaume waliokuwa msituni wakitiririka jasho zikawa laini kama za sanamu za nta. Jasho lipo, vinyweleo havipo. Toleo la kabla ya hapo lilikuwa na vumbi lake na ukungu wake, na lilikuwa msituni kweli.

Upande wa pili ni Touki Bouki, ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, mwaka 1973. Nilianza kuiona kwenye nakala iliyochoka, rangi zimekaa kama chai, na mwenzangu niliyekuwa naye aliinuka mara mbili kwenda kuifuta diski. Alidhani inaruka. Na kweli, ilikuwa inaruka: picha inakatika ghafla, mawimbi yanavunjika kwenye miamba mahali ambapo ulitegemea uso wa mtu, sauti ya jambo moja inaendelea juu ya picha ya jambo jingine. Vijana wawili, Mory na Anta, wanataka kwenda Paris, pikipiki yao ina fuvu la ng'ombe mwenye pembe ndefu mbele kwenye usukani, na Josephine Baker anaimba Paris, Paris, Paris mpaka inakuwa kama kejeli. Nakala iliyosafishwa mwaka 2008, kupitia mfuko wa Martin Scorsese wa kuokoa sinema za dunia, ilimaliza ubishi wetu: kila mruko upo palepale, kila sauti iko upande palepale. Ni Mambéty mwenyewe. Kwenye nakala mbovu huwezi kujua kipi ni kosa la diski na kipi ni uamuzi wa mtu, na filamu inayothubutu ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kila ujasiri wake unaonekana hitilafu. Rangi zilivyorudi, nyekundu ya machinjioni mwanzoni ilinifanya nisogee nyuma kwenye kiti.

Kabla ya kulaumu filamu kwa sauti, kuna mambo ya deki na runinga ambayo kila mtu anaweza kuyakagua kwa rimoti. Mazungumzo kwenye sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, hupita sehemu kubwa kwenye spika ya katikati. Asiye nayo, na deki yake haikuambiwa kwamba hanayo, atasikia milipuko inatikisa kabati huku watu wanaongea kama wamefunikwa blanketi. Ingia kwenye mipangilio, chagua stirio, au kama diski ina sauti ya 2.0, ya spika mbili tu, ichague hiyo, na washa ile hali ya usiku inayoshusha makelele na kupandisha minong'ono. Umbo la picha nalo liangalie: deki iliyopangwa kwa ajili ya televisheni ya mraba itakupa picha ndogo iliyozungukwa na weusi pande zote nne. Na zima ule ulainishaji wa mwendo ambao runinga nyingi mpya huja umewashwa, unaobuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, mpaka filamu kubwa inaonekana imerekodiwa sebuleni. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima kuwasihi watu wauzime. Sikubaliani na Tom Cruise kwa mengi. Kwa hilo nampa mkono.

Kusita kwa nusu sekunde katikati ya DVD ndefu si ugonjwa. Diski yenye tabaka mbili, gigabaiti 8.5 badala ya 4.7, inahamia tabaka la pili. Wahariri wazuri huficha mhamo huo pale tukio linapoisha na kioo ni cheusi. Wavivu huuacha ukaangukia katikati ya sentensi.

Halafu kuna zile ziada. Maelezo ya sauti juu ya filamu yalianza mwaka 1984, kwenye diski kubwa za leza, Ronald Haver alipoizungumzia King Kong, na tangu hapo yamezalisha saa nyingi za watu wakisifiana. "Hapa alikuwa mzuri sana." "Siku hiyo ilikuwa baridi." Waongozaji wengi hawana la kusema juu ya kazi yao, na waigizaji wana machache kuliko hao. Nimejifunza kutafuta sauti ya mhariri, au mpiga picha, au mtu wa nje aliyeisoma kazi kwa miaka. Roger Ebert, mhakiki wa filamu, juu ya Citizen Kane ndiye kipimo changu. Anakusimamisha kwenye dari. Unaona dari vyumbani, anakwambia, sasa jiulize taa na vinasa sauti vimewekwa wapi. Anakuonyesha picha ambazo ulidhani zimepigwa mara moja kumbe zimeunganishwa. Niliitazama filamu ile tena bila sauti yake, nikaona vitu ambavyo havikuwepo hapo kwanza, na Kane akawa mpweke zaidi chini ya dari zile.

Matukio yaliyokatwa huwa nayaacha mpaka siku nyingine kabisa. Mengi yalistahili kukatwa, na yakikaa kichwani yanajipenyeza ndani ya filamu. Baada ya mwaka hukumbuki tena kama yalikuwemo au la.

Na kuna ile ziada iliyofichwa kwenye toleo maalumu la diski mbili la Memento, ya Christopher Nolan, ambapo ukiyapita mafumbo ya menyu unaweza kuitazama filamu nzima kwa mfuatano wa kalenda. Memento, kama hujaiona, ni ya mtu asiyeweza kutunza kumbukumbu mpya; matukio ya rangi yanarudi kinyumenyume, ya rangi nyeusi na nyeupe yanakwenda mbele, na yanakutana mwishoni. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuiona imenyooshwa. Ukiinyoosha, nyeusi na nyeupe zote zinakuja mwanzo, kwa hiyo kwa muda mrefu umekaa na mtu hotelini anaongea kwenye simu. Halafu rangi inaingia, na unajua tangu hapo nani anamdanganya nani, kwa hiyo unamtazama maskini akitumiwa, tukio baada ya tukio, wewe unajua na yeye hajui. Inasikitisha, na kusikitisha huko kunachosha mapema. Kwenye filamu yenyewe hujui zaidi yake. Umeingia mlango uleule na yeye, huna habari umetoka wapi, unamwamini anayekuchekea. Kwa anayeitaka, ipo, na menyu haina haraka. Ila aitazame kwanza kama ilivyotoka, na ikiwezekana mara mbili.